Niliuza Minazi

Ulikuwemo kwenye kivuko cha Bweni, ukajitia unatazama maji. Bi Tuhfa wa Ushongo alikuwa ubavuni pako, akimweleza Yudith, abiria mwenzake wa Muheza, kwamba mgeni mmoja aliyenunua kwake amemwamuru ahame.

"Si ulimuuzia shamba, bibi?"

"Minazi, mwanangu! Niliuza minazi. Kwetu mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe."

"Na karatasi yasemaje?"

"Ilikuwa ya Kizungu. Wakili akanishika dole gumba, akalikandamiza."

"Wakili wa nani?"

"Wetu sote. Mnunuzi ndiye aliyemleta."

Yudith akaguna. "Wenu nyote! Kama mwewe na vifaranga."

Enzi za mkonge babu zetu walihamishwa hivi hivi, kwa karatasi wasiyoielewa. Kesho waya wa uzio unafungwa: kaburi la mumewe Bi Tuhfa litabaki ndani, yeye nje.

Kivuko kikagota Pangani. "Sasa niende wapi?" akauliza. Yudith hakujua, na basi lake lilikuwa likipiga honi.

Wewe unajua baraza la ardhi liliko. Acha maji hayo. Mshike mkono, umpeleke sasa hivi.