Hariri Isiyojua Kukunjamana

Benchi letu liko ubavuni mwa saluni ya Kinyozi, na asubuhi ile lilijaa kabla birika la kahawa halijachemka. Kemia, mwenzetu wa kiwanda cha vitambaa, alifika amekumbatia furushi la hariri nyeupe utadhani kabeba kichanga. Ilikuwa ya gauni la harusi la binti yake. Dada mtu aliolewa akiwa kavaa hariri vilevile, akasimama sherehe nzima kwa kuogopa mikunjo. Huyu mdogo akaapa: yeye atakaa, atacheza, atakumbatiwa na kila shangazi.

KEMIA: Jamani, nimeiweza! Ya kwanza iligeuka njano, ya pili ikachanika kama gazeti. Hii, wee acha tu!

BREKI (dereva mstaafu): Umeitia wanga?

KEMIA: Wanga wapi! Nimeichovya kwenye asidi, ile ya kwenye ndimu, nikaikausha, nikaipitisha kwenye tanuri. Nyuzi zinashikana mikono. Ukizikunja, zinavutana kurudi mahali pake.

KINYOZI: Kumbe ni dawa ya nywele! Ndiyo maana wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

KEMIA: Mimi sitaki ikunjike!

KINYOZI: Basi mkunjue angali mbichi. Unabishana na wahenga?

BREKI: Mimi ningeichovya barabara yetu. Lori likipita, mashimo yanajinyoosha yenyewe.

KINYOZI: Anza na uso wako. Ukitoka tanurini, shemeji atauliza, “Kijana, unamtafuta nani?”

Tulicheka mpaka benchi likalia. Kemia hakucheka.

KEMIA: Kiwandani nimeikandamiza kwa mashine. Lakini harusini haitakaliwa na mashine, itakaliwa na mwanangu. Nikimwaibisha je?

BREKI: Basi tuikalie! Penye wazee hapaharibiki neno.

Kinyozi akaleta shuka safi. Tukaifinyanga hariri katikati yake, tukaikalia wote wanne, nami nikiwemo. Kemia alifumba macho.

— Baba! Mnakalia nini?

Alikuwa bibi harusi mwenyewe, amekuja kuichukua ampelekee fundi cherehani. Tuliruka kama tumekalia kaa la moto. Kemia akaikung'uta hariri mara moja tu. Ikateremka laini, hata mstari haukuonekana.

Binti akamrukia baba yake shingoni, anacheka huku analia. Breki akapiga vigelegele, mwanamume mzima.

Kisha binti akainusa hariri kidogo, akatutazama mmoja mmoja.

— Asanteni sana, baba zangu. Ila niambieni ukweli: nani kati yenu ameoga leo?

Kila mtu akainamia kikombe chake.