Niliyesahauliwa Kwenye Mbio za Chara

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata kama leo anayezitoa ni mimi, mtu ambaye akisimama mbele ya watu magoti huanza kuongea kabla ya mdomo.

Mnanijua kama fundi viatu wa hapa Garsen. Kusema kweli mnajua viatu vyenu, si mimi. Tangu mama afariki nilikuwa nashona mlangoni kwangu, napika chakula cha mtu mmoja na kukilalamikia mwenyewe. Pikipiki aliyoniachia kaka alipohamia Mombasa ilijua safari mbili tu, kanisani na dukani. Jirani yangu Komora, mwendesha bodaboda, hakuchoka kunitania: "Fundi, hii ni pikipiki au ni bibi arusi? Mbona huitoi nje?"

Basi vijana wa bodaboda walipopanga mbio za kutoka Garsen hadi Chara, nikaingia. Sikutaka kushinda. Nilitaka angalau siku moja watu waulize, "Fundi yuko wapi?"

Ndugu zangu, jua la siku ile lilikuwa la kukaanga. Njia ilikuwa imeliwa na mafuriko, kisha ikakauka na makorongo magumu kama vigae, na kila pikipiki iliyotangulia iliichimba zaidi. Mimi wa mwisho nilibakiziwa mashimo na vumbi. Injini ikachemka. Nikafanya ufundi wa mtu wa viatu: nikaimwagia maji yangu yote ya kunywa. Ikapoa vizuri sana. Haikuwaka tena.

Nikakaa chini ya mathenge, mti wa miiba wenye kivuli cha kubahatisha. Walioko Chara wangedhani nimegeuza nikarudi. Walioko Garsen wangedhani nimefika, nakula samaki. Koo likakauka, macho yakaanza kuona giza. Nikatafuta kichwani ni nani angegundua kwamba sipo, nikakosa hata jina moja. Hilo liliniuma kuliko kiu. Nikasema, "Bwana, nitumie mtu yeyote wa kuniulizia."

Akaja mama wa Kiorma na punda aliyebeba mitungi ya maji. Akajaza kikombe, lakini akakishika mwenyewe, maana wafugaji wanajua kwamba mtu aliyekauka hapewi maji ayanywe kwa pupa. Akaanza salamu zao ndefu, na kwa kila jibu akanipa funda moja.

"Amani?"

"Amani, mama."

"Nyumbani iko salama? Mama iko?"

"Alifariki."

"Bibi? Watoto?"

"Sina."

"Ng'ombe?"

"Hata mbuzi sina, mama."

Hapo ndipo aliponionea huruma kweli. Akasema, "Sasa nani iko nauliza wewe?"

Nikalia. Akakivuta kikombe. "Wacha kulia. Hii maji yangu unamwaga."

Akashusha mitungi, akanipandisha punda, akatembea kando yangu hadi kwake. Nikapewa maziwa na mahali pa kulala. Kesho yake mwanawe alinirudisha Garsen pamoja na pikipiki yangu, na Komora akanisalimu, "Fundi, leo umechelewa kufungua?" Hakujua kama nilikosekana.

Lakini tangu hapo, kila siku ya mnada wa ng'ombe, Mama Hawa, ndilo jina lake, husimama mlangoni kwangu akauliza yote tangu mwanzo. Mbuzi sasa ninaye. Nilimnunua nipate cha kujibu.

Namshukuru Mungu. Niliomba mtu yeyote, naye akaniletea Muislamu na punda wake, wala hakunitaka ushauri. Ndugu yangu, kama leo ukitoweka hakuna wa kukuulizia, mwambie Mungu hivyo hivyo, bila kupamba. Mwamini. Na ukiona anachelewa, pita kwangu baada ya ibada. Nitakuuliza mimi, kuanzia nyumbani hadi mifugo, na sitaruka hata swali moja. Amina.