Bi Pumzi na Sauti Iliyochelewa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Bi Pumzi atatundika hedifoni zake ukutani kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika studio yetu. Mlangoni kwake pameandikwa Mhariri Mkuu wa Sauti. Jina lake kamili limo kwenye barua za ofisi, lakini ukilitaja mapokezi, dada wa pale atakuuliza ni nani huyo. Sisi tunamjua kwa jina tulilompa, na tulimpa kwa sababu alikataa katakata kufuta pumzi za waimbaji. Mtu akivuta pumzi kabla ya neno, pumzi hiyo inabaki. Husema kwamba wimbo usio na pumzi umeimbwa na maiti. Watayarishaji wengi wamebishana naye juu ya jambo hilo, na wote wamekwenda zao na pumzi zao ndani ya wimbo.

Alianza kazi enzi za kanda. Alikata kanda kwa wembe na kuunga vipande kwa utepe wa gundi, na hadi leo kidole gumba chake cha kushoto kina kovu la wembe huo. Huwaonyesha kovu hilo waimbaji wanaodai kuwa kurudia ubeti mara ya tatu ni mateso. Kompyuta zilipoingia, baadhi yetu tulidhani ataaga mapema akapumzike. Badala yake, yeye ndiye aliyefungua boksi la kwanza, akakaa na kitabu cha maelezo kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Programu iliyomletea sifa ni ile ya kupanga sauti. Kwa faida ya wenzetu wa idara ya fedha na wa usafi, ambao wamekuwa wakijiuliza miaka yote hii tunafanya nini humo ndani na mlango umefungwa, inafanya hivi. Inaichukua sauti ya mwimbaji kiongozi iwe mfano, kisha inazivuta sauti za waitikiaji mpaka ziingie pale anapoingia na kunyamaza pale anaponyamaza. Aliyepanda juu ya noti inamshusha, aliyeshuka inampandisha. Ziko namba nyingi za kuamua ivute kwa nguvu kiasi gani, na ukishazipanga utakavyo, unauhifadhi mpangilio wako kwa jina. Kesho unakuja, unabonyeza jina, kazi imekwisha.

Watengenezaji walituletea mipangilio yao tayari: ya kukaza, ya wastani na ya kulegeza. Bi Pumzi aliijaribu yote, akasema inafanana na viatu vya kuazima. Akajitengenezea yake na kuipa majina yake. Gwaride ni ya matangazo ya biashara, sauti zote zinapiga hatua moja. Mawifi ni ya waitikiaji wanaokaa nyumba moja lakini kila mmoja ana lake moyoni. Wanasogezwa karibu, hawagusani. Mjomba ni ya yule anayeingia wimboni saa anayotaka mwenyewe. Saa yake haiguswi, anarekebishiwa noti tu, tena kwa heshima. Mtayarishaji mmoja mgeni alimsikia akiagiza mawifi waletwe kwenye kibwagizo, akatoka nje kwenda kuwaita.

Hatuwezi kumsimulia bila kusimulia habari ya dereva, na Bi Pumzi mwenyewe ameturuhusu.

Miaka kumi na tatu iliyopita tulirekodi kwaya ya wafanyakazi wa bohari ya nafaka. Watu wazima wale, wengi wao wamechoka na magunia ya mchana kutwa, waliimba vizuri lakini kila mmoja kwa mwendo wake. Mwalimu wao alitaka wasikike kama mtu mmoja. Bi Pumzi akabonyeza Gwaride, na kweli wakasikika kama mtu mmoja. Wimbo ule ulipigwa redioni asubuhi na jioni, ukapata tuzo, na cheti chake kikatundikwa kwenye korido ambako hata mleta maji alisimama kukisoma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila kwaya iliyoingia studio ilitoka imekuwa gwaride.

Kisha akaja dereva wa lori wa bohari ileile. Mkewe alikuwa mmoja wa wanakwaya, sauti ya tatu, na tulikuwa tumesikia kwamba amefariki. Dereva alikaa kwenye benchi la mapokezi, kofia yake kaiweka juu ya goti, akaomba kuonana na aliyetengeneza wimbo. Maandishi ya kumuaga mtu hayana desturi ya kunukuu mazungumzo, lakini maneno yake hakuna aliyekuwepo aliyeyasahau. Alisema hivi: "Dada, wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini mke wangu alikuwepo. Nilimleta mwenyewe, nikamsubiri hapo nje mpaka mkamaliza. Mbona kwenye wimbo nawasikia wote, yeye simsikii?"

Alieleza kwamba mkewe alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo kuingia, kwa sababu alipenda kwanza awasikie wenzake wameanza. Kanisani ilikuwa hivyo, jikoni ilikuwa hivyo, hata kwenye kucheka alifuata nyuma ya watu. Ni kwa kuchelewa huko mumewe alimtambua kati ya sauti ishirini.

Bi Pumzi alielewa mara moja. Alikumbuka kuiona sauti ile kwenye kioo cha kompyuta, imejikunja nyuma ya nyingine, na alikumbuka jinsi programu ilivyoivuta ikakaa sawa. Hakutafuta maneno. Alimwambia dereva kwamba ni yeye aliyemsogeza mkewe, na kwamba alidhani anamsaidia. Kisha akamwomba ampe muda.

Wakati huo ilikuwa kawaida yetu kufuta rekodi ghafi kazi ikishakabidhiwa, ili diski zipate nafasi. Sauti ya mama yule kama alivyoiimba haikuwepo tena. Mwalimu wa kwaya hakuwa nayo, redio hawakuwa nayo. Bi Pumzi alitembea na jambo hilo kama mtu mwenye jino bovu. Chai ilipoa mezani kwake na simu ziliita bila kupokelewa. Mwishowe akakumbuka majaribio. Kabla ya kurekodi, kila mwimbaji huimba kidogo tupime nguvu ya kipaza sauti, na vipande hivyo hatukuvifuta kwa sababu hata kuvikumbuka hatukuvikumbuka. Mimi ninayeandika nilishika tochi stoo huku yeye akipekua chini ya stendi zilizovunjika, na humo tukaipata diski iliyoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, jina la kwaya na neno jaribio.

Mama yule alikuwemo. Kwanza anauliza kama aanze sasa hivi, halafu anacheka, halafu anaimba ubeti mzima huku wenzake waliotangulia kurekodiwa wakisikika kwenye hedifoni zake. Alichelewa vilevile, na noti moja ilishuka. Bi Pumzi aliufungua wimbo wa tuzo, ambao sauti zake zilizonyooshwa zilikuwa zimehifadhiwa moja moja, akaiondoa ile ya mama, akaiweka hii mahali pake. Kisha akashusha namba zote za kuivuta, moja baada ya nyingine, mpaka sifuri. Nilimwonyesha ile noti iliyoshuka. Akanitazama tu, nikaondoa kidole changu kwenye kioo.

Dereva alirudi, akavalishwa hedifoni. Mistari ya mwanzo ilipita na uso wake haukubadilika. Sauti za tatu zikaingia, na nyuma yao kidogo, mkewe akaingia. Dereva akainua kidole. Akasema, "Huyo." Kisha akasema tena, "Huyo, huyo," akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Bi Pumzi naye alilia bila kujificha. Mimi nilikwenda kutafuta chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Siku hiyo ulizaliwa mpangilio ambao leo kila mhariri hapa anautumia kabla ya mwingine wowote. Jina lake ni Huyo. Unazipanga sauti zote utakavyo, lakini unaichagua moja ambayo programu imekatazwa kuigusa. Ni lazima usikilize kwaya nzima kwanza ili ujue ni ipi, na hapo ndipo wahariri wapya wanapohenyeka. Siku hiyo pia Bi Pumzi alimwendea meneja na kumwambia kwamba ghafi haifutwi tena. Meneja amelalamikia makabati yaliyojaa diski tangu hapo, na tangu hapo hakuna diski iliyofutwa.

Nyumbani ana mume fundi saa. Aliyewahi kualikwa kwao anajua kwamba ukuta mzima una saa zinazongoja wenyewe, na hakuna mbili zinazokubaliana. Bi Pumzi hukaa chini ya kelele zile akamenya viazi kwa raha zake. Tulipomuuliza anawezaje, mtu wa kazi yake, alijibu kwamba mumewe hulipwa kwa kuzilinganisha na yeye hulipwa kwa kulinganisha sauti, kwa hiyo nyumbani wote wawili wako likizo. Wajukuu wake humpigia simu wamwimbie, naye husikiliza mpaka mwisho bila kusahihisha, jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyewahi kufanyiwa.

Hatutajifanya kwamba hatuna hofu. Mipangilio yake yote anatuachia, lakini vidole vina tabia ya kubonyeza na masikio yana tabia ya kulala. Tumeahidiana kukumbushana.

Kwenye hafla ya kumuaga tutapiga wimbo mmoja. Tumeuimba wenyewe, kuanzia meneja hadi mlinzi, na mhasibu tumemwekea Mjomba. Tulitaka Bi Pumzi naye awemo, ila haimbi, na miaka yote hajawahi kukubali kusimama upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha waimbaji. Ndipo tulipofungua ghafi zake. Mwanzo wa kila rekodi, kabla muziki haujaanza, yupo yeye kwenye kipaza sauti cha chumba cha fundi mitambo, akimtuliza mwimbaji mwenye woga. Msikilizaji wa nje hajawahi kumsikia, maana kipande hicho hukatwa. Lakini alikataza kisifutwe, na hakikufutwa. Kabati baada ya kabati, yumo humo kwa maneno yaleyale: "Haya mwanangu, vuta pumzi, tuanze."

Bi Pumzi, dada yetu, na mama kwa wengi wetu, asante kwa masikio yako, kwa ukali wako, na kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kubonyeza. Uwe na siku ndefu zisizo na ratiba, afya ya kuzifaidi, na mume asiyemaliza saa zake. Ijumaa utatusikia sote tumeanza, kisha nyuma yetu ataingia mtu mmoja amechelewa kidogo. Mkono wako utataka kumsogeza. Mwache hapohapo alipo. Huyo ni wewe.