Mama Tena na Utuhurumie wa Nota Nne

Jumapili hii, Sherehe ya Kristo Mfalme, tarehe 23 Novemba, mwalimu wetu wa kwaya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye kinanda cha parokia. Sisi wanakwaya tunamwita Mama Tena. Tukikosea husema, "Tena!" Tukipatia husema, "Tena, msije mkasahau njiani!"

Nota alifundishwa na mtawa mmoja mkali kama wembe. Ametutungia misa nzima sita, na zaburi ambazo hata mwenyewe hajui idadi yake. Siku moja bibi harusi alichelewa mno, Mama Tena akaurudia wimbo wa kuingia hadi bwana harusi naye akaanza kuimba sauti ya tatu. Mama Tena alimwandikisha kwenye kwaya kabla keki haijakatwa.

Masikio yake hayakuwa na huruma. Mumewe, seremala aliyetutengenezea mabenchi, alikuwa na sauti ya msumeno kwenye mti mbichi, na kila mwaka aliomba kujiunga nasi.

"Baba watoto, nyumbani wewe ni mume wangu," alimjibu mbele yetu. "Hapa wewe ni seremala."

Mzee alicheka kuliko sote, akarudi kwa waamini wenzake, akaimba kwa nguvu zake zote.

Mzee alipofariki, Mama Tena alikifunga kinanda. Misa hakukosa, ila aliketi nyuma, kimya. Paroko alipomuuliza, alisema, "Baba, nyimbo zangu zote zinasema Mungu yu karibu. Mimi simsikii."

"Basi usiimbe," Paroko alimwambia. "Njoo ukae naye tu."

Akawa anakuja kila alasiri kukaa mbele ya tabenakulo, inamotunzwa Ekaristi. Kwaresima ikaanza, ikakaribia kwisha, wala hakusikia chochote. Kisha siku moja dada anayefagia kanisa, akidhani yuko peke yake, akaanza kuimba "Bwana, utuhurumie". Sauti ilikwenda kombo vibaya. Mama Tena aliangua kilio, yule dada akadondosha ufagio, akaanza kuomba radhi.

"Usiache, mwanangu. Mume wangu alisali hivyo hivyo, nami nikidhani anaharibu wimbo."

Jioni ile kinanda kilifunguliwa. Alitunga Utuhurumie wa nota nne tu, ambao kila mtu angeuweza. Pasaka kanisa zima liliuimba, wenye sauti na wasio nayo. Wanakwaya tuligeuka kumtazama, tukisubiri amri ya kurudia. Alikuwa amefumba macho, anaimba.

Tangu hapo hajamkataa mtu kwenye kwaya, jambo ambalo, tuseme ukweli, limetutesa masikio.

Mama, asante kwa kutufundisha kuimba, na zaidi kwa kutufundisha kusali. Tunakutakia afya, mapumziko mema na nyumba yenye kelele za wajukuu. Jumapili hii ni marufuku kugusa kinanda. Kaa na wajukuu kwenye benchi la mbele, mikono mapajani, na tukipotea, tuvumilie.

Haya, tulia, Mama. Tunaanza.