Sakafu Bado Mbichi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika leo Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, familia inawashukuru, na inaomba radhi kwamba mmekaa juani wakati nyumba mpya iko nyuma yenu milango wazi, sababu yake mtaisikia.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mapazia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa binti wa kwanza wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akajifunza cherehani kwa shangazi yake, mwanamke asiye na mzaha, ambaye nguo akiiahidi Alhamisi, ilitoka Alhamisi.

Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali, kile kidogo chenye joto kilicho karibu na kwa dobi, akashona mashuka, gauni za wagonjwa na mapazia ya wodi hadi alipostaafu Machi 2021, na wauguzi waliokaa pale mbele ni mashahidi kwamba hakuwahi kuwapiga chenga, kazi isiyowezekana alisema haiwezekani, wakanuna, kisha wakamzoea.

Aliolewa tarehe 18 Desemba 1984 na fundi wa pampu za maji, mtu mpole kupita kiasi, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1986, 1989 na 1994, wakawalea katika vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya pili, choo kikiwa chini uani.

Agosti 2011 walichimba msingi wa nyumba hii, na mwashi, ambaye yupo hapa na hatumsengenyi, akasema Desemba watahamia, lakini mvua ikajaa msingini, lori la mchanga likashindwa kupita, matofali yakaletwa hayajakauka, seremala akaenda kwenye kazi nyingine na vipimo vya madirisha mfukoni, na kila mwashi alipoulizwa alijibu wiki mbili tu, mpaka watoto wakambandika jina la Wiki Mbili, naye akaitika huku akicheka. Mwaka 2014 marehemu alishona mapazia, madirisha yakabadilishwa, akayafumua.

Tuseme ukweli, Wiki Mbili hakuwa mvivu, alikuwa na nyumba sita kwa mpigo, kila moja akiigusa kiasi cha kutofukuzwa, na sisi ndugu tulimsaidia kudanganya, maana kila tulipomtembelea dada tulimwambia imebaki kidogo.

Juni 2022 figo zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, miguu ikavimba, na zile ngazi za kwenda chooni akawa anazishuka amekaa, kidato kimoja kimoja, mwanamke aliyekuwa nadhifu kuliko sisi sote. Akaacha kuomba nyumba, akaomba chumba kimoja na choo. Oktoba mwaka jana aliletwa hapa, akapima madirisha kwa mkono wake, kisha akamwambia mwashi, "Mwanangu, sikuharakishi. Kama ni mwaka, niambie mwaka, nijue la kufanya na hii miguu."

Aliambiwa wiki mbili. Mume wake alikuwa amesimama pale, anaona kwa macho yake kwamba hakuna paa, akanyamaza ili asimvunje moyo, na kwa ajili ya wiki mbili hizo tuliikataa nafasi ya chumba cha chini aliyotupa jirani yetu muuza mkaa, tukisema ya nini kuhama mara mbili. Tarehe 2 Septemba mwaka huu dada alianguka kwenye ngazi zile zile, akavunjika nyonga, na Jumanne tarehe 9, saa kumi alasiri, akafariki, akiwa na miaka 64.

Jumatano asubuhi Wiki Mbili alifika na mafundi wa nyumba zote sita, hakuna aliyemwita, wakamalizia paa, wakafunga milango, wakaweka choo, wenzake marehemu wa chumba cha kushonea wakatundika mapazia yaliyoshonwa kwa vipimo vyake vya Oktoba, nayo yameenea sawasawa, na Alhamisi jioni sakafu ikamwagwa. Jana tulipotaka kumwingiza dada, mwenye nyumba, alale humo usiku mmoja, mwashi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Sakafu bado mbichi. Ni siku saba, mama zangu, hapa siwezi kudanganya." Ndiyo maana dada yuko nje pamoja nasi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa figo na wa mifupa, wafanyakazi wenzake, majirani waliombeba mgongoni, na muuza mkaa, ambaye tunamwomba msamaha mbele yenu. Kuanzia kesho mume wake ataimwagia sakafu maji asubuhi na jioni, ili isipasuke.

Pumzika kwa amani, dada. Itakuwa tayari Alhamisi.