Maziwa Iko

Sista Monicah alipanda basi la kwenda Litein bila yunifomu, akaketi nyuma ya akina mama wawili aliowapimia watoto kliniki asubuhi ileile. Hawakumtambua. Muuguzi akivua kofia nyeupe, huwa abiria tu.

"Siku hizi hawapimi mtoto kabla ya kukuuliza nyumbani mnakula nini," alilalamika Chepngeno, amempakata mwanawe. "Hiyo ni kliniki ama ni polisi?"

"Wanauliza ndio wasaidie," alisema mwenzake, mama mchuma chai aliyetoka upande wa ziwa. "Mimi nilisema ukweli, nikapewa unga ya uji."

"Wewe uko mbali na kwenu, mama. Mimi nilikuwa benchi moja na dada ya bwanangu. Sista anauliza kwa sauti, 'Maziwa iko?' Sasa Mkipsigis, mtu wa ng'ombe, aseme kwake hakuna maziwa? Nikamwambia iko, hata mursik iliyoganda kwa kibuyu iko."

"Na iko?"

"Ng'ombe yetu ilikauka tangu Krismasi."

Monicah akageukia dirisha. Asubuhi alikuwa ameandika "maziwa yapo" kwa mwandiko safi kabisa, kisha akaishangaa mizani iliyoonyesha mtoto amepungua uzito.

"Bado ungesema," mchuma chai alisisitiza. "Aibu hainyonyeshi mtoto."

"Wewe ungesema. Mimi, hapana."

Basi likasimama Litein. Chepngeno alipoinuka, Monicah akamshika mkono. "Na kama ungeulizwa kando, mama, mlango umefungwa?"

Chepngeno akaitambua ile sauti. Akamweka mtoto vizuri kifuani.

"Kando, Sista? Kando, hata sukari imeisha."