Dirisha Lisilofunguka

Ndugu wananchi, mimi mtafiti wa historia ya reli natangaza matokeo ya utafiti mzito. Niliufanya nikirudi shule ya bweni, ndani ya behewa la daraja la tatu, nikijifanya nimelala.

Mama mmoja, mchuuzi wa mji wa Itigi, aliyepakata beseni la kuku wa kukaanga alimfokea mstaafu wa reli aliyeketi mbele yake. Kosa la mzee lilikuwa kuisifu treni mpya inayokuja: madirisha hayafunguki, vumbi haliingii.

"Na kuku wangu watapitia wapi? Itigi ilianza pale injini za mvuke ziliposimama kunywa maji, na bibi yangu akasimama chini ya madirisha na beseni, akiwauzia abiria!"

"Mji tuliujenga sisi watu wa reli, mama. Maendeleo hayasubiri beseni."

"Mliujenga kwa shibe ya nani, mzee? Miaka yote hiyo ulikuwa unakula maendeleo?"

Mzee akalitupia beseni jicho. Breki zikalia, tukaingia Itigi. Mama akanigeukia. "Na wewe unayejikoromesha, treni mpya ikianza utapanda ipi?"

Nikafumbua macho. Kila dirisha lilijaa mikono ikipokea chakula.

"Mpya, mama," nikakiri. "Shikamoo."